Sauti Aliyoirekodi Mke Wangu

Binti yetu ana miaka tisa na hasemi. Alizaliwa na hitilafu ya vinasaba inayoufanya ubongo wake ukue kwa mwendo wake wenyewe, na akiitwa hageuki. Mimi niliizoea hali hiyo kwa kuisomea, ambayo ndiyo njia ya waoga wenye shahada. Mke wangu hakuizoea. Kila jioni alimwita, akasubiri, kisha akaendelea na kazi kana kwamba hakuwa amesubiri chochote.

Kwa hiyo watafiti walipofika mkoani kwetu kupima jinsi ubongo wa watoto wa namna hiyo unavyoitikia sauti za watu, mke wangu alifunga kibanda chake cha mabeseni pale Tunduma, jambo ambalo hakulifanya hata kwa harusi ya mdogo wangu. Alitaka kujua kitu kimoja tu: je, mtoto anaijua sauti ya mama yake?

Tulipewa masharti. Nywele za mtoto zisisukwe wala kupakwa mafuta, ili kofia ya vipimo ishike vizuri.

"Nimpeleke hospitali kichwa kikavu, waseme hana mama?" aliuliza mke wangu, lakini alitii.

Tena mama arekodi maneno machache ya kumwita mtoto, ayatume kwa simu. Hilo alilifanya peke yake nyuma ya kibanda, akarudi ameridhika kama mtu aliyemaliza mtihani.

Siku ya kipimo, mtafiti, dada mpole kutoka Dar es Salaam, alimpaka mtoto jeli kichwani, akamvisha kofia iliyojaa nyaya na kumwekea spika ndogo masikioni. Sisi tulitazama mstari wa ubongo wake kwenye kompyuta. Kila iliposikika sauti ya mwanamke mgeni, mstari ulipanda. Ilipofika zamu ya mama, mstari ulilala.

"Ndiyo nini hiyo?" mke wangu aliuliza.

"Ni mapema kusema, mama. Inaonekana sauti yako haimshtui sana."

"Yaani wapita njia anawasikia, mimi hanisikii."

Nilianza kueleza kwamba ubongo una desturi ya kupuuza mambo yaliyozoeleka.

"Msomi, nyamaza kidogo," alisema, bila kunitazama. Kisha akamgeukia mtafiti. "Hebu niisikie hiyo sauti. Labda mmechanganya na ya mwingine."

Mtafiti akachomoa waya, na chumba kizima kikajaa:

"Mwanangu, mwanangu, mwanangu! Njoo kwa mama, njoo ujionee! Mama ndiyo huyu, mama ni hapa hapa! Iseni, mwanangu, iseni!"

Sokoni kwetu kila muuzaji hujirekodi kwenye spika, nayo humwitia wateja kutwa nzima, kwa Kiswahili na kwa Kibemba cha wale wanaovuka mpaka, ambao "njooni" kwao ni "iseni". Binti yetu amekulia chini ya spika ya mabeseni. Mke wangu, alipowekewa kifaa mbele ya mdomo, alimwita mwanawe kama anavyoita wateja. Na mtoto, kama majirani wote wa kibanda kile, alikuwa amejifunza siku nyingi kutosikiliza.

"Uliisikia hii ukanyamaza?" nilimwuliza mtafiti.

"Nilidhani ndivyo akina mama wa huku wanavyobembeleza," alijibu kwa adabu.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa kitandani. Walijaribu kurekodi upya, lakini kila alipoiona simu sauti ilipanda yenyewe. Hata alipong'ong'ona ilisikika kama punguzo la bei. Mwishowe mtafiti alimwomba amfute mtoto jeli, na kwa ridhaa yake akaiacha simu ikirekodi.

"Tulia, mama yangu," alimwambia mtoto huku akifuta. "Wamekupaka nini hawa? Geuka. Huku nako. Ee, hivyo hivyo, mama."

Alipomaliza, mtafiti alichukua kopo la jeli tena.

"Dada, nimetoka kumfuta sasa hivi!"

Kofia ikarudi kichwani, na sauti zikaanza upya. Wageni walipanda kama mwanzo. Kisha ikaja ile ya kufuta jeli, na mstari ukapanda juu kuliko wote, ukachelewa kushuka. Mtoto mwenyewe alikuwa akiangalia dari, hana habari nasi.

"Tafadhali, mtoto mmoja hatoshi kutupa hitimisho," mtafiti alionya.

"Mdogo wangu, sijakuomba hitimisho. Nakuomba urudishe pale ulipopanda."

Akarudisha. Mke wangu alisogea, akaweka kidole chenye jeli juu ya kioo cha kompyuta ya watu.

"Hapa," aliniambia. "Hapa ni mimi."