Mimba Yangu ya Kwanza na Maziwa ya Jirani

Mwezi wa tatu wa mimba yangu ya kwanza, pua yangu ilianza kunitawala. Nilisikia harufu ya mafuta ya trekta kwenye shati la mume wangu kabla hajafika mlangoni. Nilisikia harufu ya kuku, ya ukuta ulionyeshewa, ya nywele zangu mwenyewe. Lakini hakuna kilichonishinda kama mursik, maziwa yetu ya kibuyu.

Tuliishi katika kambi ya wafanyakazi kwenye shamba la ngano la Kaburu mmoja, upande wa Ainabkoi. Mume wangu aliendesha trekta, mimi nilifua na kupiga pasi nyumbani kwa memsabu. Kwetu mke mpya huangaliwa kwanza kwa kibuyu chake. Unakisugua ndani kwa ufito, unachoma kijiti cha mti wa senetwet mpaka kiwe kaa, unalisaga kaa hilo ndani mpaka kuta zote ziwe nyeusi. Kisha unamimina maziwa yaliyochemshwa na kupoa, unayaacha siku kadhaa yagande. Mimi ni mtu wa kutaka kila kitu kiwe sawasawa. Foronya za memsabu nilizipiga pasi mara mbili. Kibuyu changu nilikichungulia juani, na nikiona doa moja lisiloshika mkaa, nilianza upya. Mume wangu alizoea kusema hajawahi kunywa maziwa kama yangu. Niliyangoja maneno hayo kila jioni, na jioni aliyosahau kuyasema nilikosa raha.

Sasa nikikaribia tu mdomo wa kibuyu, natapika. Nilijaribu kuziba pua kwa kitambaa. Nilijaribu kufanya kazi hiyo nje kwenye upepo. Mwisho jirani yetu, mke wa dereva mwenzake mume wangu, mama wa watoto wawili, alikichukua kibuyu kutoka mikononi mwangu, akasema atatutengenezea kwa kibuyu chake mpaka nipate nafuu. Nilimshukuru. Nilimaanisha, kwa muda wa kama wiki moja.

Kisha mume wangu akanywa maziwa yake, akajipangusa midomo na kusema, "Huyu mama anajua."

Ni maneno matatu tu. Niliyabeba kichwani siku nzima nikifua. Nililia juu ya shuka za memsabu, nikakoma, nikalia tena kwa sababu nililia. Matiti yaliniuma hata nguo ikiyagusa. Mashavuni yalitokea madoa meusi, na nilijitazama kwenye kioo cha memsabu mpaka nikaogopa atanikuta hapo. Jirani alikuwa na ngozi laini kama aliyetoka kuoga. Alicheka na mume wangu juu ya ng'ombe aliyekwama matopeni, kicheko cha kawaida tu, nami nikakihesabu. Nilianza kuangalia nani alimtazama nani. Nilimchukia kwa namna alivyokanyaga ardhi.

Baadaye sana, mtoto akiwa ameanza kutambaa, nesi mmoja wa kliniki pale Eldoret alinipa kijitabu cha akina mama. Kusoma nilijifunza mwenyewe, kwa maandishi ya makopo na magazeti ya kufungia nyama, kwa hiyo nilikisoma polepole, kila ukurasa mara tatu, penseli mkononi. Humo ndimo nilimokutana na neno homoni. Kilieleza kwamba mwili wa mwenye mimba hutengeneza vitu hivyo kwa wingi, vikatembea kwenye damu, vikageuza pua, ngozi, usingizi na hata moyo, mpaka mtu akalia au kukasirika bila kujua sababu. Nilipiga mstari chini ya "bila kujua sababu". Halafu nikaufuta. Mimi sababu yangu niliijua.

Nitasema nilichofanya. Kibuyu cha jirani kikiisha maziwa kilikaa kando ya mlango wetu mpaka aje kukichukua. Siku moja nilitoka kazini na kipande cha sabuni ya memsabu, ile yenye harufu ya maua aliyofulia nguo zake za hariri. Mabaki yake alikuwa akinipa mimi peke yangu. Nilichota maji, nikakiosha kibuyu ndani kwa sabuni hiyo, nikakisuuza mpaka nje hapakusikika harufu yoyote. Kila mwanamke wa kwetu anajua kwamba kibuyu hakioshwi kwa sabuni. Kinainywa, na hakiitoi tena. Mkaa utaifunika siku mbili tatu, kisha maziwa yatasema.

Nilitaka mume wangu akunje uso mara moja tu kwa maziwa yake. Nilitaka hivyo kuliko nilivyotaka kula.

Jumapili baada ya ibada jirani alileta kibuyu mwenyewe, akaketi kwenye kigoda chetu. Mume wangu alimimina, akanywa, akatulia na maziwa mdomoni. Akatoka nje akayatema.

"Mama, hii maziwa iko na nini?" alimuuliza aliporudi.

Jirani alionja. Alipeleka pua kwenye mdomo wa kibuyu, akaiacha hapo muda mrefu. Kisha alinitazama mimi, si usoni, mikononi.

"Ni mimi," akamwambia mume wangu. "Sikuchoma vizuri. Pole, shemeji."

Mume wangu akasema si kitu, akaenda kuwaangalia ndama. Tukabaki wawili. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilimwonea wivu hata kwa hilo, kwamba aliweza kujitwisha kosa bila sauti yake kutetemeka.

"Hiki nilipewa na mama yangu siku naolewa," akasema. "Ni sabuni ya kule kwa memsabu."

Nikasema ndiyo. Nikasema ni hii mimba, kwamba si mimi, kwamba sijui nimekuwa mtu gani.

"Najua," akasema. "Mimba yangu ya kwanza, mama mkwe akikohoa tu nilitaka kumtoa kwake na kumfungia nje. Kuchukia nilichukia, mdogo wangu. Lakini tumbo halikuchota maji. Uliyachota wewe."

Alikichukua kibuyu chake akaondoka, hakufunga mlango kwa kishindo.

Nilikaa pale nikijua kwamba nikinyamaza, mume wangu atamwona mwanamke mzembe na mimi nitakuwa nimepata nilichokitaka. Niliijaribu akilini raha hiyo, na kwa kitambo ilikuwa raha kweli. Kisha nikatoka kwenda zizini na kumweleza yote, mpaka lile la kuhesabu vicheko. Hakupiga kelele. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba yake ina mlango asioujua. Akasema lazima mtu aende akamwombe radhi, na kwa kuwa mimi nalia hivi, ataanza yeye.

Akavuka ua kwenda kwa jirani. Nami nikasimama kwenye lango la zizi, machozi yakiendelea, nikiangalia atakaa huko muda gani.