Mlima wa Mgongoni

Chama cha baiskeli cha mjini Nyeri kilipotaka nembo, miaka ya tisini, sikuwaza kwamba mtu mwingine angeichora. Mabango mengi ya maduka ya barabara yetu yalikuwa ya mkono wangu. Kazi hiyo nilijifundisha mwenyewe, kwa rula na magazeti ya zamani. Nikachora gurudumu, kila spoki mahali pake, na ndani yake Mlima Kenya wenye theluji. Nikaipanga ikae kifuani mwa fulana, kama nembo ya shule.

Karani mmoja wa mahakama, mgeni kutoka magharibi, naye akaleta yake. Alikuwa mwanachama, mtu mzito asiyewahi kushinda. Mlima wake ulikuwa mistari mitatu tu, mirefu na myembamba mno.

"Hii ni mlima ama ni karoti?" nikamwuliza mbele ya watu.

"Ngoja ikae mgongoni, fundi," akajibu, akicheka pamoja nao.

Mwenyekiti, muuza spea, aliamua kila nembo ipakwe kwenye fulana moja na waendeshaji wawili wazivae. Wakaondoka kuelekea Giakanja, sisi tukiwatazama kutoka nyuma. Walipoinamia usukani, yangu ilifichika. Ile karoti, mgongo ulipolala, ikafupika, ikawa mlima wenyewe, kama tunavyouona asubuhi mawingu yakiondoka.

"Ati yako iko wapi, fundi?" mwenyekiti akauliza. "Inaangalia lami?"

Nilimwuliza karani alijifunzia wapi.

"Nijifunzie wapi? Mimi huachwa nyuma kila Jumamosi. Naona migongo tu."

Kama angekuwa amesomea sanaa, ningevumilia. Lakini ameipata kwa kushindwa mbio! Nilikuwa na wivu wiki nzima, hasa kwa sababu fulana zote za chama nilipewa mimi kuzipaka nembo yake. Niliupima mlima wake kwa rula nikitafuta kosa. Sikulipata. Nikaupaka ulivyo.

Fulana hizo zilifika hadi Murang'a na Wang'uru. Siku moja mteja wangu wa zamani, mwenye hoteli, akaja kuagiza bango jipya.

"Nimeona ile mlima ya watu wa baiskeli," akasema. "Fundi, hujawahi kunichorea kitu kama hiyo."

"Sikuichora. Niliipaka tu."

"Kumbe! Basi nani alichora?"

Nikamwonyesha njia ya mahakamani. Alinishukuru, akaondoka. Nikarudi ndani kuosha brashi ambazo tayari zilikuwa safi.