Rinda la Vifungo Mgongoni

Nichekeni kwanza mmalize, ndio niwaambie vizuri, kwa sababu mkinicheka katikati nitaona haya ninyamaze, na hii aibu nimekaa nayo peke yangu hadi imenichosha.

Mnajua mimi ni mtu wa kufua. Nimefulia watu kule Lavington miaka mingi, leo nyumba hii, kesho ile, mpaka baridi yabisi ikaingia kwenye vidole ikakataa kutoka. Nikiamka mikono imekaza, siwezi kukamua hata kitambaa cha vyombo. Kazi ikaisha. Nikaambiwa niende hospitali ya serikali kule mjini nikapimwe, daktari akinipitisha nipate kadi ya ulemavu, na bila hiyo kadi hakuna kuomba msaada wa serikali wa kila mwezi. Wiki nzima sikulala vizuri. Binti yangu Brenda bado yuko shule, na mimi sikuwa na mpango mwingine wowote duniani.

Sasa, mama yetu alitulea tukijua kwamba ofisi ya serikali huendi ukiwa ovyo, unaenda kama mtu anayeenda harusi. Kwa hivyo nikaamua kuvaa lile rinda langu la kanisa, lile la vifungo vidogo vidogo mgongoni na mshipi wa kufunga kiunoni. Jirani yangu pale Dagoretti, Mama Shiru, akaja kunivalisha kama kawaida yake, akanichana nywele, akanifunga hata viatu.

"Kwani leo unaenda kuomba ama kuolewa?" akaniuliza.

Juu ya hayo yote nikameza ile dawa kali ya maumivu ambayo huwa naiweka ya mazishi na harusi tu (nisije nikaonekana mbele ya watu nikinung'unika), na nilipofika hospitali mikono ilikuwa imelegea vizuri, nikamsalimia daktari kwa mkono kabisa. Alikuwa kijana, ningeweza kumzaa. Kando yake aliketi nesi, mama wa makamo.

"Mum, unaweza kujivalisha mwenyewe?"

"Ndiyo, daktari."

"Kupika je?"

"Napika vizuri sana."

"Kufua, kufagia?"

"Nyumba yangu ni safi, daktari. Unaweza kuja hata saa hii."

(Jamani, nani alikuwa ameniuliza habari ya usafi?) Lakini mwanamke mzima atamwambiaje kijana wa watu kwamba anavalishwa na jirani, na kwamba ugali wa nyumba yake unasongwa na mtoto? Mdomo ulijibu wenyewe, huku najisikia nikijimaliza. Akaniambia nikunje ngumi. Nikakunja.

"Sasa Mum, shida iko wapi?"

Hapo nikaiona kadi inaondoka. Nikashikwa na woga mbaya, na woga ukanipa akili mbovu, maana niliposimama kutoka nilianza kuchechemea. Mguu! Ugonjwa uko mikononi, mimi nachechemea, tena nilianza na mguu wa kushoto na kufika mlangoni nikawa nachechemea na wa kulia. Nesi alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Nikaambiwa ningoje kwa benchi, nitaitwa.

Nikangoja sana, mwisho nikaenda choo. Komeo nikalisukuma kwa kiganja likafunga. Na huko ndani dawa ikaisha nguvu. Vidole vikaanza kukaza kimoja kimoja, mshipi nilioufungua ukakataa kufungika, suruali ya ndani ikakwama kwenye magoti haipandi, na komeo nikilishika linaniteleza. Nikasikia kule nje naitwa, "Rose Nekesa! Rose Nekesa hayuko? Haya, next!"

Nilipiga nduru ambayo sijawahi kupiga hata kwa matanga.

"Fungua, mama," nesi akasema mlangoni.

"Siwezi!"

"Si umetuambia unaweza kila kitu?"

Benchi yote ikaamka ikaja. "Ameanguka?" "Kuna mtu amekufa huko?" Mzee mmoja akaanza kuniombea kwa sauti, tena maombi marefu. Askari akaletwa na bisibisi, akang'oa komeo huku mimi nimekumbatia rinda langu, na mlango ulipoachia nesi akamgeuza yule askari kwa mabega akaingia peke yake. Akanivalisha pole pole. Kisha akanishika vidole, akaona vilivyovimba.

"Hivi vifungo vya mgongo ulifungwa na nani asubuhi?"

Nikaangua kilio. "Ni jirani! Kila siku ni jirani! Na kupika ni mtoto, mimi sipiki, hata chai siwezi kumimina!"

Niliyasema kwa sauti, mlango uko wazi, na watu wote pale wakasikia. Daktari pia alikuwa amesimama hapo nyuma yao.

"Mum, rudi ndani tuanze upya," akasema. "Na usiniambie vile ulivyo leo. Niambie vile uko siku mbaya."

Tukaanza upya. Kujivalisha, siwezi. Kufua, siwezi. Kila siwezi ilinitoka kama jino, na baada ya kila moja niliangalia sakafu. Mwisho akaniuliza, bila kucheka, "Na ile nyumba, ni safi?"

"Ni safi, daktari. Lakini ni Mama Shiru."

Alinipitisha, Mungu ambariki. Nitarudi kukaguliwa tena, na siku hiyo nitaenda na leso na patipati, nywele vile zilivyoamka, bila kumeza chochote. Lile rinda nimempa Mama Shiru. Juzi alilivaa akaja kwangu amegeuza mgongo nimfunge vifungo, tukatazamana, nikamwambia atafute mtu mwingine, mimi siwezi.