Treni Nyuma ya Nyumba ya Bibi Nasra

Juzi nilishusha sanduku lililo juu ya kabati, hapa nyumbani kwangu Ghubra, nikitafuta nguo nzito za safari. Kabla sijaona kitu, ikanipiga puani harufu ya vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo, imechanganyika na udi wa zamani. Pale pale nikajua chini kuna nini: koti langu la sufi la rangi ya damu ya mzee, lenye vifungo vikubwa vyeusi. Sasa niambieni, mtoto wa Maskati, mji ambao mwezi wa Juni hata bomba la maji baridi hutoa maji ya moto, koti la sufi la nini? Nikakaa kitako sakafuni nikalipakata. Mwanangu Maha alinikuta hapo akaniuliza kama naumwa.

Siumwi. Nimekumbuka tu, na nikikumbuka lazima niseme, ndiyo tabia yangu.

Nilikulia Darsait, mtaa wa hapa hapa Maskati, katika fleti iliyokuwa juu ya duka la fundi mafriji. Nyumbani kwetu kilisemwa Kiswahili cha Unguja. Hata Baba akija na Kiarabu chake cha ofisini, alikivua mlangoni pamoja na viatu. Serikali ya nyumba ile ilikuwa Bibi, mama yake Baba. Bibi alikuwa na dada yake mmoja tu duniani, Bibi Nasra. Walilala kitanda kimoja Unguja mpaka wakawa wasichana, kisha mambo yakageuka, watu wakatawanyika, mmoja akaletwa Maskati na mumewe, mwengine akafuata wake London. Tangu siku hiyo hawakuonana. Walisikilizana tu.

Siku ya kusikilizana ilikuwa Ijumaa, baada ya chakula cha mchana. Bibi alioga, akajifukiza, akavaa kanga mpya, utadhani simu ina macho. Mie nilijibanza ubavuni pake na sikio langu nimeligandisha kwenye simu, nisipitwe na neno. Nyuma ya nyumba ya Bibi Nasra kulipita reli, na kila maneno yakinoga, treni ilikuja. Kwanza tulisikia vikombe vyake vikitetemeka kabatini, halafu yeye akisema, "Ngoja, ngoja ipite," halafu kishindo chenyewe. Bibi alingoja, macho ameyafumba, mdomoni kicheko kidogo. Mie treni sijapata kuiona, kwetu Oman hatunazo, na nilimshangaa sana: nani anayefurahi kukatwa maneno?

Safari ya London tuliipanga sisi wawili, juu ya mfuniko wa mkebe wa biskuti. Mkebe huo Bibi Nasra alimpa mtu aliyekuwa akija Maskati, pamoja na lile koti. Biskuti hazikulala, mkebe ukawa wa nyuzi na sindano, lakini mfuniko niliuteka mimi. Ulichorwa London nzima: mnara wa saa, daraja linalofunguka katikati, jumba la kifalme na askari wenye makofia ya manyoya, basi jekundu la ghorofa, vyote vimebanana kama maduka ya Mutrah. Nikawa na yakini kwamba mtu akishuka ndege asubuhi, adhuhuri keshavimaliza vyote na wakati wa kula unabaki.

"Kwanza saa, Bibi. Halafu daraja. Halafu tunapanda basi, juu, mbele kabisa."

Bibi alisikiliza kwa adabu, miwani imeshuka puani, kisha akauliza swali lake lile lile. "Na kwa dada Nasra ni wapi hapa?"

"Hapakuchorwa, Bibi. Huko hakuna cha kuona."

"Haya. Tia saa, tia na daraja. Lakini na kwa dada utie."

Basi ili nimridhishe nilimuonesha ukingoni, pale rangi ilipobanduka pakaota kutu. Akaweka kidole chake pale, asikiondoe mpaka nimemaliza kumtembeza mji mzima.

Lile koti lilikuja kubwa makusudi. "Atakua huyo," Bibi Nasra alisema simuni. "Likimkaa, mleteni." Mara ya kwanza kulivaa, mikono ilinipita vidole ikaning'inia, nikawa nawafukuza nayo paka wa jirani. Na kwa kuwa Bibi alisikia kwamba baridi ya huko inaua, aliamua miili yetu izoezwe. Mchana wa jua kali alikitia kiyoyozi mpaka mwisho, mie na koti langu, yeye na shali mbili na soksi za Baba, tukakaa kitandani tunatetemeka na chai ya tangawizi mkononi. Mama akifungua mlango, baridi ikimpiga usoni, alisema, "Lahaula! Nyinyi mmeshafika?"

"Bado," Bibi akamjibu. "Tumo ndegeni."

Na kila mwaka Baba alisema mwakani. Mwaka huu nyumba tunayojenga Amerat inaezekwa, mwaka huu likizo imekataliwa, mwaka huu Mama ana mimba. Bibi hakulalamika hata siku moja. Alisema inshaallah, akalikunja koti, akaongeza vidonge, akafunga sanduku. Mie nililia kwa niaba ya wote wawili. Niliitamani London mpaka nikiiota, na katika ndoto ile saa ilikuwa ikigonga na mie niko chini yake, nimevaa koti, nahesabu kwa sauti. Mikono ya koti ikawa inapanda kidogo kidogo, mpaka ukafika mwaka ikanikaa kwenye kifundo cha mkono sawasawa, na mwaka huo huo, wallahi, Baba akaingia na pasipoti zenye viza. Tutaondoka kabla ya Sikukuu ya kuchinja.

Hapo Bibi akatoa amri: asijue mtu. Nyinyi mliozaliwa kwetu hamna haja ya kuelezwa. Safari haitajwi, kwani jicho liko, na mtu akikusifia tu "mashaallah mnakwenda London," basi utavunjika mguu ngazini. Jirani yetu Mama Asila alipomkamata Bibi dukani na soksi za sufi, Bibi alimwambia miguu inampiga baridi. Nje lami ilikuwa inayeyuka. Nami nikikosea nikasema neno "London" mbele ya mgeni, nilifinywa paja.

"Na Bibi Nasra je? Tumwambie?"

"Hasha! Yeye ndo asijue kabisa. Nataka nimgongee mlango usiku wa kuamkia Sikukuu. Nataka nimuone uso wake akifungua."

Ijumaa ya mwisho walizungumza kama kawaida. Nilikuwa pale pale ubavuni, nimeuma mdomo nisicheke.

"Sikukuu utakuwepo nyumbani, dada?" Bibi aliuliza, sauti ameilegeza kama hana habari.

"Mie nna pa kwenda?" akajibu Bibi Nasra. "Na nyinyi je, mpo?"

"Tupo. Tutakwenda wapi na joto hili?"

Treni ikapita. Wakangojana, wakaagana, na Bibi alipoweka simu alijipiga paja kwa furaha. "Hana habari maskini!" alisema.

Siku mbili kabla ya kuondoka, alasiri, masanduku yamefungwa na halwa imeshasokomezwa katikati ya nguo, mlango ukagongwa. Nilikwenda kufungua mimi. Alisimama bibi mmoja mfupi, jasho linamchuruzika, begi mkononi na koti zito begani, na nyuma yake mwanamume mzima ameshika masanduku, ambaye baadaye nilijua ni mwanawe, Salim. Yule mwanamke alikuwa na pua ya Bibi. Alinitazama, akaweka kidole mdomoni, akaingia taratibu.

Bibi alikuwa mkekani anachambua mchele. Aliinua macho. Sinia likamponyoka, mchele ukamwagika chumba kizima.

"Nani kakwambia uje?" alisema Bibi, kwa ukali kabisa. "Mie nlikuwa nakuja kwako!"

"Unakuja lini? Hukuniambia!"

"Ungejuaje, na mie nakuficha!"

"Na mie je, si nlikuficha wewe!"

Wakatazamana. Kisha wakaanza kucheka, wameshikana mabega, wamekaa juu ya mchele, wakacheka mpaka kikawa kilio, na kilio kile kikamtoa Mama jikoni mbio akidhani kuna msiba. Wangepishana kidogo tu, mmoja angegonga mlango Darsait na mwengine angegonga London, kila mmoja na halwa yake mkononi na hakuna wa kumfungulia.

Na mimi? Hakuna aliyeniuliza. Nilielewa mara moja kwamba mgeni kaingia, na kwa hiyo hakuna anayetoka. Nilikwenda chumbani, nikavaa koti, nikawasha kiyoyozi, nikalia. Bibi Nasra ndiye aliyenifuata. Alinifunga vifungo kimoja kimoja.

"Limekukaa kama nlikupima," alisema.

Nikamuuliza kwa kwikwi ile saa ikoje kwa karibu. Akafikiri. "Niliiona kwenye basi," alisema. "Nlikuwa nakwenda kazini. Ni kubwa." Hilo tu. Miaka yote ile London, na saa aliiona kwenye basi! Nilimdharau, Mungu amrehemu.

Alikaa kwetu mwezi. Baba alitaka kumtembeza, ngome zile za Mutrah, ufukwe, milima, na kila siku alijibu, "Kesho, baba." Maskati hakuiona. Alikaa mkekani na mdogo wake, goti kwa goti, wakimenya vitunguu visivyohitajika, wakigombana nani alikuwa mkorofi zaidi utotoni. Usiku walilala kitanda kimoja. Wakati wa kuagana uwanja wa ndege, Bibi alimshika kidevu akamwambia, "Mwakani zamu yangu."

Mwakani ikazaa mwakani. Magoti ya Bibi yalikataa ngazi, kisha moyo ukakataa ndege. Koti likanibana mabegani, kisha halikuingia kabisa, na bado hakuna aliyelitoa sandukuni. Nilikuwa msichana mkubwa Ijumaa ile simu ilipolia kutoka kwao kabla hatujawapigia, na sauti ikawa ya Salim. Baada ya hapo Bibi alibaki na tabia moja. Akizungumza na mtu simuni, mtu yeyote, katikati ya maneno alinyamaza, akafumba macho. Watu walidhani uzee. Mie nilijua anangoja ipite.

Sikuelewa yote siku zile. Leo naelewa kwamba mama mtu mzima huona haya kumwambia mwanawe, nipeleke, nimemkumbuka dada yangu nakufa. Lakini "mtoto akatembee, akaone saa" husemeka. Saa yangu na daraja langu nilimkopesha Bibi bila ya kujua, naye akaficha humo hamu yake yote. London yake ilikuwa nyumba moja yenye reli nyuma, na hakufika.

Sasa Maha ana umri wangu wa wakati ule, na baba yake ameshakata tiketi. Amepanga safari yote kwenye simu: saa, daraja, gurudumu lile kubwa la mtoni. Jana usiku nikamwambia atie na mtaa mmoja wa pembeni, wenye reli nyuma.

"Mama, huko hakuna cha kuona," alisema.

"Najua. Tia."

Leo asubuhi nimempigia Salim, ambaye bado anaishi katika nyumba ya mama yake. Nimemtajia siku na saa, nikamwambia asiondoke. Akacheka, akaniuliza kama siogopi jicho, nikamjibu basi na linione. Akaanza kuniuliza tuko wangapi, mara nikasikia vikombe.

"Ngoja," alisema Salim. "Ngoja ipite."

Nikafumba macho. Nilikuwa na koti mapajani na simu nimeigandisha sikioni, nikaomba Mungu iwe ndefu, isimalize kupita.