Apolena na Uji wa Bibi Mweupe

Wameniudhi. Binti wa kule kasrini amekuja tena na kalamu yake, eti, "Bibi Františka, tuandikie habari za mzuka, wageni wanapenda mzuka." Nimemwambia mimi shule nilikwenda majira ya baridi tu, kiangazi nilichunga mabata, na mkono huu unajua viazi kuliko herufi. Hakuondoka. Haya, nitaandika, lakini si habari za mzuka. Nitaandika habari za wifi yangu Apolena, ambaye alikuwa mtu.

Alikuwa mpishi wa kasri la Brodlice, kama mama yake. Mnene, mkali, mikono myekundu, hacheki mpaka wewe ujikwae. Kazi yake kubwa ilikuwa ya Alhamisi Kuu: kuwapikia maskini uji mtamu, wa ngano na bia na asali, kwenye sufuria la shaba ambalo mtoto angeweza kuogea. Uji huo ni agizo la Bibi Mweupe, mwenye kasri wa kale. Alipokuwa hai aliwapikia waliojenga ukuta wa kasri. Alipokufa akabaki anazunguka vyumbani kuangalia kama maskini bado wanalishwa. Lazima wale palepale uani, na sufuria liishe kabla ya adhuhuri. Zamani, wakati wa vita vya Waswidi, uji haukupikwa, na Bibi akapita nyumba hadi nyumba akichukua watoto. Hilo Brodlice nzima inalijua, hata wanaosema hawaamini.

Kisha wenye kasri wakafukuzwa. Serikali mpya ikajaza magunia ya nafaka mle ndani, Apolena akaachiwa ufagio. Mumewe alikuwa amefia vitani. Na mwaka huohuo bintiye wa pekee, Růženka, akalazwa na kifua. Daktari alisikiliza mgongo wa mtoto, akasema tungoje.

Apolena hakuwa mtu wa kungoja. Alikuja jikoni kwangu.

"Nitapika. Kaka yangu anipe asali."

"Kaka yako ni mume wangu, na asali ni yangu. Chukua."

Unadhani alishukuru? Alichungulia mtungi, akasema, "Imejaa nyuki waliokufa," akaenda nao.

Alhamisi Kuu, Hlavsa, meneja wa ghala, alimkuta uani anawasha moto.

"Ndugu Apolena, unampikia nani?"

"Maskini."

"Nchi hii haina maskini tena. Imeshatangazwa."

"Basi waite wenye njaa."

"Atakayekuja hapa na bakuli anaitukana serikali. Nitakuwa pale dirishani, namtazama."

Uji ukaiva. Harufu ya asali ikashuka mpaka sokoni. Hakuja mtu. Niliona mapazia yakitikisika. Mzee Brabec, aliyekula uji ule tangu hajaota meno, alipita ng'ambo ya barabara akitazama viatu vyake, na viatu vyenyewe vilikuwa na matundu.

Nikachukua bakuli langu, nikapanda kasrini.

"Wewe?" Apolena akasema. "Wewe usiyekula cha mtu?"

"Asali ni yangu. Pakua."

"Sema kwanza kuwa u maskini. Bila hivyo haihesabiki."

Sijawahi kumwomba mtu hata chumvi, na Hlavsa alikuwa pale juu anatabasamu. Lakini nilikifikiria kile kifua kidogo kinavyokoroma.

"Mimi ni maskini!" nikasema, kwa sauti ya kumfikia Hlavsa kule dirishani.

Apolena akanipakulia, akajipakulia na yeye, akayasema maneno yaleyale. Tukala. Bakuli baada ya bakuli.

"Tumbo langu si la ng'ombe, wifi."

"Kila Krismasi linameza pipa la kabichi. Kula!"

Tulikula mpaka machozi yakatutoka. Kengele za kanisa zilikuwa zimenyamaza, zimekwenda Roma kama tusemavyo kila Pasaka, kwa hiyo adhuhuri ilitangazwa na watoto waliopita njiani wakigonga vibao. Sufuria lilikuwa halijafika nusu. Apolena aliendelea kula. Niliushika mkono wake, akanisukuma, akaendelea kula peke yake na vibao vimeshanyamaza.

Růženka alifariki Jumamosi, kabla kengele hazijarudi. Daktari alisema ni mapafu. Mimi sisemi ni Bibi Mweupe, wala sisemi siye.

Mwaka uliofuata, Alhamisi Kuu, mji mzima ulikuja mlangoni kwa Apolena na mabakuli. Hata mke wa Hlavsa alikuja, na bakuli lake lililochorwa maua.

"Mama Apolena," Mzee Brabec akaita, "tumekuja. Sisi ni maskini."

Apolena akafungua dirisha. "Mwaka jana mlikuwa matajiri?"

"Tuliogopa, mama."

"Na leo?"

"Leo tunawaogopea watoto."

"Na mimi nilikuwa na mtoto," akasema, akafunga dirisha. Walisimama pale mpaka mvua ikajaa kwenye mabakuli yao.

Hakupika tena uji ule maisha yake yote. Alifagia kasri mpaka mgongo ukapinda, na mimi ndiye niliyemfumba macho. Sasa wanawaambia wageni eti anatembea uani na upawa. Hatembei. Amechoka.

Amelala nyuma ya kanisa, kando ya ukuta, upande usiopata jua, na Růženka ubavuni. Magugu yawashayo yamefunika majina yao, na magoti yangu hayainami tena. Wewe uliyesoma mpaka hapa bure, nenda ukayang'oe. Yashike kwa mikono mitupu, na mizizi itoke yote.