Managu ya Siku Mbili

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Pale sokoni wananijua, na mume wangu Wanjohi husema hata cherehani yangu ikisikia nimeamka vibaya inakata uzi yenyewe. Kwa hivyo nikikuambia kwamba nilimlia mama mgonjwa chakula chake cha mwisho, usidhani nataka unionee huruma. Chakula cha mwisho kupita mdomoni mwake, namaanisha. Kesho yake madaktari walimwekea mpira tumboni, na mpaka leo uji wake unapitia hapo. Nasema mimi kwa sababu Tryphosa hatasema. Miaka yote nimemjua, sijawahi kumsikia akimsema mtu.

Tryphosa ndiye mpishi wa hoteli ya Gideon, nyuma ya vibanda vyetu vya washonaji hapa Eldoret. Usifikirie hoteli ya vitambaa vya meza. Ni chumba cha mabati, meza sita, na ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki: ugali matumbo, wali maharagwe, chapati ndengu. Yeye ni Mnandi wa upande wa Mosoriot, mrefu, mwembamba, maneno yake machache. Saa kumi na moja asubuhi ameshawasha jiko. Saa kumi na moja jioni anapandisha viti juu ya meza, anafagia, anafunga. Amefanya hivyo miaka kumi na moja, na kwa hiyo kazi amesomesha ndugu yake Kipchumba na watoto wake wawili, peke yake, maana bwana alienda kutafuta kazi Kitale na sijui kazi gani hiyo haipatikani mpaka leo.

Anajua tumbo la kila mtu. Anajua Ouma, fundi wa viatu anayekaa pale mlangoni, hali vitunguu. Anajua mimi napenda ukoko wa ugali. Kazi ikinizidi ananiletea sahani mpaka kwenye cherehani, anasukuma vitambaa kando, anasema, "Mama Njeri, kula kwanza. Hao wazazi wa sare hawaishi." Mimi nakula, natukana wazazi, yeye anacheka bila sauti na kurudi jikoni.

Sasa ilikuwa ile wiki ya kufungua shule. Nani asiyeijua? Mwaka mzima watu wanapita tu hapo nje kama hawakuoni, halafu Januari wote wanakumbuka siku moja kwamba mtoto anahitaji sketi. Tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu tumboni ila chai ya rangi. Kuna mama mmoja wa Elgon View alisimamisha gari, akataka sare za watoto watatu kwa saa moja, na nilipomwambia haiwezekani akaniita mvivu mbele ya watu. Mvivu, mimi! Nikanyamaza kwa sababu alikuwa ameshalipa nusu. Lakini nyamaza yangu si kimya, huwa natafuta tu mahali pa kwenda kuitoa.

Na Tryphosa hakuniletea chakula. Wala jana yake hakuniletea. Hilo nalo nililiweka akilini. Nilikuwa nimesikia kwamba mamake amelazwa, ana uvimbe kooni, hawezi kumeza vizuri. Nilimwambia pole, nikaendelea kushona. Hospitali yenyewe unaweza kuifikia kwa miguu ukitaka, na sikuwa nimeenda hata siku moja.

Saa kumi na moja kasorobo nikaingia kwa Gideon. Viti vya meza nne vilikuwa juu tayari. Tryphosa alikuwa amevaa sweta, amevua aproni, na kapu liko kwa mlango.

"Mama Njeri, pole," akasema. "Chakula kimeisha."

Hebu ngoja nikueleze hilo neno. Mimi ni wa Burnt Forest. Ule mwaka wa vita vya kikabila, kabla nyumba yetu haijachomwa, mama yangu alienda dukani kwa jirani kununua unga. Jirani wa miaka kumi na mbili, Mnandi kama Tryphosa, aliyekuja kwetu kila Krismasi. Jirani akamwambia umeisha. Na magunia mama aliyaona kwa macho yake, yamepangwa nyuma ya mlango. Siku tatu baadaye tulikuwa ndani ya uwanja wa kanisa na blanketi mbili. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nilishtuka hapo hapo, kwa sababu juu ya jiko, kwenye makaa ya mwisho, kulikuwa na chungu kimefunikwa kwa sahani.

"Kimeisha namna gani? Na hiyo ni nini?"

Tryphosa akaangalia chungu, akaniangalia. "Hiyo haiko kwa ubao. Ni ya mtu."

"Ya mtu! Na mimi ni nini, mbuzi?"

Ouma alikuwa ndani, anamalizia chai. Akacheka kidogo, akafikiri natania kama kawaida. Mimi nikasogea nikafunua ile sahani mwenyewe. Wee! Managu, ile mboga ya mnavu. Managu iliyopikwa kwa maziwa, nyeusi, laini kabisa, ile inayolazwa ndani ya chungu siku mbili, inapashwa moto na kuongezwa maziwa mpaka uchungu wote unatoka. Harufu yake ikanipiga na njaa yangu yote. Miaka kumi na moja nakula matumbo na ndengu hapo, kumbe kuna vitu hivi vinapikwa vinafichwa?

"Aha," nikasema. "Sasa naona. Sema tu ni ya watu wenu. Sisi wengine tuambiwe kimeisha."

Hakuna aliyecheka sasa. Ouma aliweka kikombe chini. Mimi mwenyewe nilisikia vile maneno yalivyotoka, na ningeweza kuyarudisha, haki ya Mungu ningeweza. Ningesema, "Natania, Tryphosa, nipe chai." Lakini nilikuwa nimeshapanda juu, na kushuka ni kazi. Nikavuta kiti kutoka juu ya meza nikaketi.

Tryphosa alisimama kidogo. Aliangalia saa ya ukutani, akaangalia kapu lake pale mlangoni. Kisha akavua sweta, akafunga aproni tena, akatia makaa kwenye jiko, akateleka maji. Akanisongea kaugali kadogo. Hakupiga sufuria, hakusonya. Alifanya kazi yake vile anavyoifanya siku zote, akageuza ugali kwenye sahani, akaukwangua ukoko, akaniwekea kando kwa sababu anajua naupenda. Kisha akachukua chungu akamimina managu yote. Yote. Hakubakisha hata kijiko.

"Karibu, Mama Njeri," akasema.

Na ilikuwa tamu! Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Kama ingekuwa imeungua, kama ingekuwa na chumvi nyingi, labda ningelala usingizi. Nilikula nikapangusa sahani na tonge la mwisho. Yeye wakati huo anafagia, anaosha chungu, mara nyingine anaangalia saa. Nilipotoa pesa alikataa. Alisema kitu ambacho hakiko kwa ubao hakina bei. Na mimi, nikiwa nimeshiba, nikaona nimshinde mara ya pili. Nikasimama mlangoni nikasema, "Kumbe chakula huwa kipo."

Alichukua kapu lake akatoka mbio, karibu anikanyage.

Ouma ndiye aliyeniambia. Alikuwa amerudi kwenye kiti chake cha nje, ana kiatu mkononi, hashoni. Ouma ni mtu wa mzaha, siku zote ananiita kamanda. Siku hiyo hakuniita kitu.

"Mama Njeri, unajua ile mboga ilikuwa ya nani?"

"Ya nani?"

"Ya mamake. Kesho asubuhi anawekewa mpira wa chakula tumboni, koo imefunga. Ameshindwa kumeza uji wa hospitali wiki mbili. Akaomba kitu kimoja tu, managu ya chungu kama ya nyumbani, hiyo inateleza. Kipchumba ameleta mboga kutoka Mosoriot Jumatatu. Tryphosa amekaa nayo hapo kwa jiko siku mbili. Ndiyo maana saa za lunchi hukumwona, alikuwa anakimbia hospitali kumwambia mamake inakaribia kuiva."

"Na wewe ulikuwa umekaa tu!" nikamfokea. "Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Ulikuwa umeshasema ya watu wenu. Mimi Mjaluo niingilie hapo?"

Kila nilipovuta pumzi nilisikia ladha ya yale maziwa. Nilitaka kwenda nyumbani nifunge mlango, nisimwone Tryphosa mpaka Pasaka. Nakuambia ukweli: nilianza kutembea kuelekea nyumbani Langas. Nilifika kwenye kona pale, nikasimama, nikageuka.

Nikaingia mahali pa chipsi nikanunua kuku nusu na chipsi. Usiniulize akili yangu ilikuwa wapi. Mtu ambaye hawezi kumeza uji, mimi nambebea kuku wa kukaanga. Nikapanda bodaboda nikamwambia kijana aruke matuta yote. Mwisho wa kuona wagonjwa ni saa kumi na mbili, na mimi nilifika kwenye wadi ikiwa imebaki kama robo saa.

Nilimwona Tryphosa kwanza. Ameketi kwenye ukingo wa kitanda, kapu liko miguuni, na mkononi ana kikombe cha uji wa hospitali, anajaribu kumlisha mamake kwa kijiko. Uji unaingia, mama anafumba macho, anapambana nao, halafu unarudi wote kwenye taulo. Tryphosa anapangusa, anaanza tena. Nesi akapita akasema, "Jaribu, mama. Saa kumi na mbili tunafunga, hakuna kitu tena kupitia mdomo."

Nikasogea na karatasi yangu ya chipsi inanuka mafuta wadi nzima. Tryphosa akainua macho. Nilikuwa nimepanga maneno mengi kwenye bodaboda, lakini nilisema moja tu.

"Kwa nini hukuniambia?"

Aliweka kijiko ndani ya kikombe. "Ningekuambia ni ya mgonjwa, ungesema nadanganya," akasema polepole. "Halafu Mama mwenyewe hangekula. Alitulea hivyo, mwenye njaa hapimiwi, anapewa yote. Chakula ambacho mtu amekiomba akanyimwa, yeye hakimshuki. Ningemletea, angeniuliza kama kuna mtu aliomba, na mimi simdanganyi mama yangu."

"Tryphosa, nisamehe. Yale nilisema..."

"Nimeyasikia," akasema. Sikuwa na haki ya kudai zaidi.

Mama mzee alikuwa ananiangalia. Alikuwa amekonda mpaka shuka ilikuwa kama haina mtu chini yake, lakini macho yalikuwa macho kabisa. Akamuuliza binti yake kitu kwa Kinandi. Tryphosa alisita, kisha akajibu kwa maneno mawili matatu, na nikajua ameulizwa mimi ni nani. Nikasema moyoni, sasa nitalaaniwa, na iwe hivyo, nimejitakia. Mzee akitoa mkono chini ya shuka nitasimama hapa nipokee.

Alitoa mkono. Alinishika vidole akanivuta nikae karibu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, na sauti ilitoka kwa shida.

"Wewe ndio ulikuja na njaa? Wakati wanafunga?"

"Ni mimi, Mama."

"Maziwa iliingia kwa mboga?"

"Iliingia, Mama."

"Uchungu ilitoka yote?"

Nilimwangalia Tryphosa anisaidie, lakini Tryphosa alikuwa ameinamia kapu lake. "Ilibaki kidogo," nikasema. "Kidogo tu, mwishoni. Na harufu ya moshi."

Mzee akafumba macho. Koo lake lilipanda na kushuka, likapanda na kushuka, kana kwamba anasaidia neno langu kupita. Nesi alikuwa ameanza kuwaambia watu watoke, kitanda kwa kitanda. Mzee hakuniachilia mkono. Akafungua macho akanitazama vile mama anavyomtazama mtu ambaye amemlisha kwa mkono wake mwenyewe.

"Na ulishiba?" akaniuliza.

"Nilishiba, Mama," nikamwambia, na ilikuwa kweli.