Chapati za Siku ya Utamaduni

Kila mara harufu ya chapati inaponifikia hapa stendi ya Migori, nakumbuka Siku ya Utamaduni shuleni. Tuliambiwa tulete chakula cha kwetu. Nilibeba chapati tulizopika na nyanyangu. Kila isiyokuwa duara kamili niliisukuma upya.

"We! Hicho ni chakula cha Wahindi!" mwenzangu mmoja akapaza sauti, darasa zima likacheka. Machozi yakanilenga.

Nyanyangu, aliyekuja kutazama, akasimama. "Mama Mhindi wa dukani alinifundisha. Mimi nikamfundisha kusonga ugali. Nani hapa amewahi kula Krismasi bila chapati?"

Yule aliyecheka zaidi akanyoosha mkono. "Dani," akamwita nyanyangu kwa Kijaluo, "nipe mbili."

Sahani iliisha kabla mwalimu hajaonja. Nakiri: ile ya duara kamili niliificha mfukoni, sketi ikalowa mafuta.